Walisema Nimekubali

Nimeandika haya ili nisomewe, kwa sababu sauti yangu haifiki benchi la nyuma la kanisa. Zamani ilivuka bonde. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikawa mchuma majani chai huku Othaya ili wadogo zangu, Wairimu na Mwangi, wale na wasome. Jioni niliwaita nikiwa bado shambani, nao wakaitikia kutoka ng'ambo ya kijito.

Asubuhi moja, katikati ya miaka ya tisini, mkono wangu wa kulia ulilegea na kikapu kikapinduka. Nilijaribu kumwambia jirani, lakini maneno yalitoka mazito, yameshikana.

"Haiya, Muthoni! Siku hizi unaanza na pombe ya muratina kabla ya chai?"

Wachumaji wakacheka. Kisha wakaona mate yakinidondoka na mdomo umekwenda upande.

Katika hospitali ya Nyeri daktari aliniambia, "Mshipa umeziba ndani kabisa ya ubongo. Ulimi wako ni mzima. Kilichoumia ni pale panapouendesha."

Nilielewa kila neno, na majibu yote nilikuwa nayo. Sauti ndiyo ilitoka kama pumzi tu, imevurugika. Uji ulinipalia. Usiku nilijikojolea kwa kuwa niliita na nesi hakusikia.

Niliporudi nyumbani, bado nikiwa wa kulala tu, baba mdogo alikuja na wazee wawili.

"Mgonjwa hawezi kulea," alisema. "Mwangi ataenda Doldol kuchunga mbuzi wa rafiki yangu. Wairimu ataenda Kerugoya kulea mtoto wa watu, shule zikifungwa. Muthoni, uko na neno?"

Nilifungua kinywa. Nilisukuma mpaka shingo ikauma. Wazee walingoja kidogo, kisha mmoja akasema, "Amenyamaza. Basi amekubali."

Mwangi aliondoka kesho yake, akigeuka kunitazama mpaka kwenye kona.

Daktari alikuwa amenifundisha: vuta pumzi, sema neno moja, pumzika, vuta tena. Nilipoweza kutoka nje, Wairimu alisimama ng'ambo ya kijito, mimi nikaita. Akisikia, alipaswa kuinua leso. Hakuinua. Ikabidi asogee hadi karibu na jiko, kisha kila juma arudi nyuma kidogo. Siku nyingine sauti ilikataa kabisa, tukaingia ndani bila kutazamana.

Baba mdogo alipokuja kumchukua Wairimu, nilisimama mlangoni.

"Haendi."

"Ati nini?"

Nikavuta pumzi. "Haendi. Na Mwangi... arudi."

"Kumbe unaongea!" alisema. Hakuketi hata kunywa chai.

Mwangi alirudi baadaye sana, akiwa mrefu kuliko mimi. Shuleni hakurudi tena. Hilo huniuma kuliko mkono.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Wairimu aliyesimama kwenye baridi na leso yake. Sauti yangu ni ndogo na itabaki hivyo. Lakini ninyi mlio na mgonjwa asiyeweza kusema, msimjibie. Mwulizeni, halafu mngojeni. Mngojeni hata chai ipoe.