Dole Gumba Langu kwenye Simu ya Aneth

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, nikisubiri habari za mwanangu Aneth, fundi cherehani wa hapa Iguguno. Jioni yake askari wawili walikuwa wamemchukua, yeye na simu yake. Akipanda gari aliniambia neno moja tu: "Mama, usinifuate."

Mama gani huyo asiyefuata?

Aneth hana maneno mengi. Alianza na cherehani ya kuazima, akishona sare za shule. Wanawake waliokuja kupimwa nguo wakazoea kumwambia mambo yao, na mwaka huu wengi walimwambia jambo lile lile: bwana anayeandikisha watu wa mbolea ya ruzuku huwataka kitandani kwanza. Aneth akawafungulia kundi la WhatsApp. "Semeni humu," aliwaambia. "Huko njiani hasomi mtu, hata wenye mtandao wenyewe." Wakasema, kila mmoja kwa sauti yake. Hata Rahabu, jirani yangu, ambaye mumewe hajui mpaka leo.

Fununu zikamfikia yule bwana. Akaenda kushtaki kwamba anachafuliwa mtandaoni.

Pale kigodani ndipo nilipoelewa kwa nini mwanangu alinikataza. Yeye simu yake huifungua kwa namba. Kidole kilichosajiliwa humo ni kimoja tu, dole gumba langu la kulia, ili niweze kusikiliza sauti za mdogo wake Kefa aliyeko Dodoma. Mimi namba huwa nazisahau.

Lakini mahabusu asiyepelekewa chakula hulala njaa. Nikatoka uani, kwenye jiwe tunalonolea majembe. Nilisugua dole gumba mpaka likatoa damu. Nikaliosha kwa maji ya chumvi, nikabandika uji.

Asubuhi kituoni niliikuta simu mezani, imechomekwa chaji. Askari kijana alinipokea vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mwanao mbishi kuliko punda wa Mtinko. Sheria inaturuhusu kuangalia humu, yeye anatunyima namba. Wewe unaijua? Ikifunguka hii, mnaondoka wote sasa hivi."

"Siijui, baba." Na kweli siijui.

Simu ikawaka. Ilikuwa Kefa. Askari akasoma kwa sauti yale yaliyoonekana juu ya kioo: "Mpe mama asikilize."

Akanitazama. "Kumbe huwa unasikiliza humu. Lete mkono."

Yeye mwenyewe alikibonyeza kidole changu kwenye simu. Simu ikatetemeka, ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa, doa la damu likabaki kwenye kioo. Akaligeuza dole gumba langu kwenye mwanga wa dirisha.

"Umefanyaje hapa?"

"Jembe."

"Jembe hukata, mama. Hapa pamesuguliwa." Alifuta kioo kwa mkono wa shati, taratibu, wala hakukasirika. "Haya. Ngozi huota. Likipona utakuja tena, na mwanao utamkuta hapa hapa."

"Basi nimpe uji."

"Uweke hapo chini."

Nyuma yake ulikuwepo mlango wa mahabusu. Nilimsikia Aneth akikohoa ndani. Na mimi nikakohoa, ajue nimekuja. Nilisimama pale mpaka uji ukaganda utando juu, na mlango haukufunguliwa.