Usiguse Viatu Vyangu

Bado nina hasira. Nimeolewa, nimezaa, nafundisha michezo katika shule moja hapa Kitale, na mpaka leo mtu akinitajia uwanja ule wa Bungoma natamani kurusha kitu ukutani. Watu huniambia niachilie. Niachilie nini? Wao ndio walikimbia?

Nilikuwa mkimbiaji wa mita mia mbili. Hilo peke yake lilikuwa kosa, kwa sababu kwetu ukisema unakimbia, watu wanakuona tayari uko mlimani kwa saa mbili. "Mita mia mbili si mbio," baba alisema, "huko ni kukimbizwa na mbwa." Nyumba nzima ikacheka. Kocha naye hakuchoka kuniambia niongeze, niongeze kidogo, nifike hata mia nane. Sikuongeza. Mwili wangu ulijua kulipuka, haukujua kuvumilia, na mdomo wangu vilevile.

Sasa jaribu kutafuta viatu vya mbio fupi katika mji kama huu wa Kitale! Nilizunguka soko la mitumba Jumamosi tatu. Nikisema njumu, natolewa viatu vya mpira vyenye meno manene ya plastiki. Nikisema hapana, njumu za kukimbia, natolewa za mbio ndefu, kisigino kimejaa sponji.

"Dada, si njumu ni njumu, bana! Hizi ndizo mabingwa wanavaa."

Kisigino cha nini? Mimi kisigino changu hakigusi chini tangu bunduki ilie hadi nimalize. Nilimkunjia muuzaji kiatu mbele ya macho yake. Cha mbio ndefu kinakunjika kama chapati. Cha mbio fupi kinakataa, kwa sababu chini ya vidole kuna bamba gumu la kukurusha mbele, na nyuma hakuna kitu. Akanitazama kwa huruma. "Kwa hiyo wewe unataka kiatu kibaya," akasema.

Jumamosi ya tatu nikavipata chini ya rundo, rangi ya machungwa, saizi tisa. Saizi tisa, mimi msichana, miguu niliyochekewa tangu darasa la tatu. Nilivivaa bila soksi, vikanibana hadi vidole vikatulia, na ndivyo vinavyotakiwa. Kila kimoja kilikuwa na misumari saba. Tunaiita misumari ingawa inazungushwa kama skrubu. Nililia palepale sokoni, muuzaji akadhani vimeniumiza.

Tangu siku hiyo hakuna aliyevigusa. Mazoezi yakiisha nilivua kwenye nyasi, maana kutembea navyo kwenye lami ni kuimaliza misumari. Nilitoa tope jekundu kwa mswaki wa zamani. Nilifungua msumari mmoja mmoja kwa kispana kidogo, nikapaka grisi niliyoomba kwa fundi wa pikipiki, isije ikashika kutu humo ndani, nikarudisha. Kisha nilijaza magazeti ndani na kuviweka kivulini. Si juani, na si karibu na jiko hata kidogo. Mama aliniuliza vitaanza kunyonya lini.

Halafu ikaja habari. Kikosi kimoja cha serikali kingekuja Bungoma kutazama mbio, na katika kila mbio kingechukua wanawake wawili wa kwanza. Si medali. Kazi! Sare, mshahara, mazoezi na kocha anayejua unachofanya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka mzima uliopita na nilikuwa nikipalilia mahindi ya watu. Nilijua wasichana wote wa mia mbili wa upande huu, na nilijua aliyekuwa akinishinda ni mmoja tu. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na hakika na kitu.

Siku moja kabla ya mbio nilifanya mazoezi asubuhi kwenye uwanja uliolowa mvua, nikavitia viatu ndani ya mfuko na tope lake, nikisema nitavisafisha jioni, nikaenda Kamukuywa kwa dada yake baba ili kesho yake Bungoma iwe karibu. Kwetu shangazi huyo tunamwita senge, na senge si mtu wa kuchezewa. Atakayekaa nawe siku ya harusi yako ni yeye, na akisema neno limekwisha. Huyu wangu alikuwa mkulima, mjane, mikono mikubwa, na Kiswahili chake kilibadilisha l na r jinsi zilivyomjia.

Alinipokea mlangoni, akachungulia ndani ya mfuko. "Na hivi ni viatu gani, mama? Mbona viko hivi?"

Hapa ndipo ninapotaka kujipiga kofi. Nilikuwa nimechoka. Mwaka mzima nilikuwa nimewaeleza baba, kocha, wauza mitumba, na sasa nimweleze na huyu, mwanamke asiyewahi kuona uwanja wa mbio? Nilimwona mshamba. Ndiyo, nasema wazi, nilimwona mshamba.

"Ni viatu tu, senge," nikasema. Nikala ugali na mboga, nikaenda kulala mchana.

Nyinyi mnaotoka kwetu mmeshaelewa. Mgeni haachwi na viatu vichafu. Akipumzika tu, vinachukuliwa mlangoni, vinasuguliwa mpaka chini, na anapoamka anavikuta vinang'aa. Hiyo ni heshima, na mwenye nyumba asipofanya hivyo utasikia kijiji kizima kikimsema. Mimi mwenyewe nimeosha viatu vya wageni tangu nikiwa na miaka sita. Nilijua! Na bado nikaacha mfuko pale mlangoni, nikalala.

Niliamka kama saa kumi. Senge alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri, mikono nyuma, anatabasamu.

"Umerara vizuri? Haya, angaria."

Akanitolea viatu vyangu. Vilikuwa vimeng'aa kuliko siku nilipovinunua. Nikavigeuza.

Chini kulikuwa na soli ya tairi.

"Huyo fundi wenu wa Kitare ni mbaya sana," senge akasema, amekasirika kwa niaba yangu. "Misumali yote amekuachia imetokeza chini! Kumi na nne, nimehesabu. Si ingekuchoma, mama? Nimeing'oa na koreo. Fundi wetu wa hapa sokoni akakuwekea soli, akapiga gundi, akashona. Hiyo sasa haiishi."

Mashimo ya misumari yalikuwa yamechanika. Koleo halizungushi, koleo linang'oa. Na yule fundi, ili gundi ishike, alikuwa amelikwangua bamba lote kwa msasa kabla ya kubandika. Alikuwa amefanya kazi nzuri, na hilo ndilo lililoniua. Uzi ulinyooka bila kasoro.

Nilipiga kelele. Sijui majirani walidhani nani amekufa. "Nani alikutuma? Nani? Unajua umefanya nini? Umeniua! Kazi yangu yote umeitupa kwa sababu ya ushamba wako! Usiguse viatu vyangu! Usiguse tena, maisha yako yote, umenisikia?"

Senge hapigiwi kelele. Kwetu hilo halipo. Watu wazima wenye ndevu humsikiliza senge wao wakiwa wameinamisha kichwa. Yeye hakunijibu kwa ukali, wala hakunikumbusha yeye ni nani kwangu. Alisimama tu, akafuta mikono kwenye leso.

"Pore, mama," akasema. "Si urisema ni viatu tu."

Kesho yake Bungoma niliomba viatu kwa kila msichana niliyemwona. Nani ana saizi tisa? Mmoja alicheka. Nikakimbia miguu mitupu. Ukiwa na misumari, kwenye kona unalala na ardhi inakushika. Mimi ardhi iliyolowa ilinitema. Niliteleza mguu wa kulia, nikajishika, na katika mia mbili ukijishika umeshaisha. Mita mia za mwisho nilikimbia kwa hasira tupu, nikawapita wanne. Wawili sikuwafikia. Huyo wa pili alinishinda kwa kifua tu.

Afisa wa kikosi aliandika namba za hao wawili na kufunga daftari.

Senge alikuwa amekuja. Sikujua angekuja. Alisimama kwenye kamba ya watazamaji na gauni lake la kanisani, na mkononi alikuwa na leso iliyofungwa fundo. Alinifungulia. Ndani kulikuwa na misumari yangu kumi na nne, ameisafisha yote. Alidhani labda bado itafaa. Nilimpita bila kumsalimia.

Sijui niwakasirikie nani. Nimejaribu kumkasirikia fundi, kocha, wauza mitumba, afisa na daftari lake. Nimewapangia wote maneno makali, na naweza kuyasema hata sasa hivi mkitaka. Lakini huwa naishia palepale mlangoni Kamukuywa, mimi na mdomo wangu, sentensi moja ambayo ingenichukua dakika mbili kuirefusha. Dakika mbili! Wanafunzi wangu leo nawafundisha kufungua misumari na kuipaka grisi kabla sijawafundisha kuanza mbio, na wasichana wananiogopa kidogo. Waache waniogope.

Senge yuko hai. Tunaenda kwake kila Desemba, mimi, mume wangu na watoto, naye hutupokea vizuri, huchinja kuku, hucheka. Hatujawahi kuzungumza habari ile. Ila tukipumzika mchana, hukusanya viatu pale mlangoni. Tukiamka tunavikuta kwenye benchi nje vimepangwa, vya mume wangu vinang'aa, vya watoto vinang'aa, hata ndara zimesuguliwa. Vyangu viko mlangoni palepale nilipovivua, na tope lake.

Kila mwaka hivyohivyo. Desemba iliyopita mvua ilinyesha, na mimi, mtu mzima, nilishuka njiani makusudi nikakanyaga tope mpaka kamba za viatu zikazama. Mume wangu aliniuliza kama nina wazimu. Nilivivua mlangoni mbele ya senge, nikaenda kulala, na sikulala.

Nilipotoka, benchi lilikuwa limejaa viatu safi. Senge alikuwa akifagia mlangoni, na ufagio wake ulizunguka viatu vyangu bila kuvigusa.

"Senge," nikasema, "na vyangu je?"

Akavitazama. Akanitazama.

"Ni viatu tu, senge," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Ndivyo urivyosema hata siku ire, mama," akasema, akaendelea kufagia.