Ukurasa Ulionata kwa Sangara

Leo, stendi ya Buzuruga, nimekuta kitabu kile cha katuni kikiuzwa, kizima. Nimekifunua na pua imesikia harufu ya sangara wa kukaanga.

Kile cha utotoni kilitoka kwenye robota la mitumba. Mama muuza samaki wa Mirongo alikuwa akikichana ukurasa kwa ukurasa kufungia samaki, nasi, mimi na dada yangu, tulichutama kando ya karai kumwona shujaa wa joho la kijani kabla ukurasa haujaondoka. Siku moja shujaa alikuwa anaanguka kutoka ghorofani, na ulibaki ukurasa mmoja tu.

“Shikamoo mama. Usichane kwanza.”

“Marahaba. Mnanunua au mnasoma?”

Akauchana, akamfungia mzee mmoja. Tukamfuata mzee, dada akiniminya vidole.

“Babu, ukimaliza tupe karatasi.”

“Mna njaa?”

“Hapana. Kuna mtu anaanguka.”

Alikula taratibu mno. Alipotupa karatasi, ilikuwa imenata kwa samaki wa moto ikachanika. Palipokuwa na shujaa palibaki tundu.

“Babu amemla,” dada akanong'ona.

Sasa nimefika pale shujaa anapoanguka. Kidole kiko kwenye kona ya ukurasa. Mkono wangu mwingine hauna dada wa kuuminya.