Siku Somo Lilipofunguka Mbele ya Wageni

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu ya siku ile bado ninayo, na hasira ndiyo usiseme.

Tulikuwa chuo cha ualimu Korogwe, enzi hizo intaneti ndiyo kwanza inaingia, uongozi ukaamua kwamba namna ya kutafuta vitabu na marejeo tutajifunza kwenye kompyuta, si tena kwa Mama Rehema, mkutubi wetu, aliyekuwa akituzungusha kwenye rafu mpaka tunaelewa. Kompyuta zenyewe tano, tunagombania, na somo lenyewe la mtandaoni halifunguki! Unatazama kioo cheupe mpaka kipindi kinakwisha. Bwenini kila mtu analaani (na rafiki yangu Shekalaghe, wa kule Bungu, alilaani kuliko wote).

Wageni wa wizara walipotoka Dar kuja kusikia maoni yetu juu ya somo hilo, wenzangu wakanisukuma, "Sema wewe, watu wa Handeni hamwogopi mtu." Nami mjinga wa Kang'ata nikasimama.

"Shikamoo mzee. Somo hili halijafunguka hata siku moja. Tunaomba Mama Rehema arudishiwe kipindi chake."

Ningeishia hapo! Kiherehere kikaniponza, nikaongeza, "Kama mnabisha, lifungueni sasa hivi."

Likafunguka. Tena upesi, na picha juu! Kumbe mafundi walikuwa wameleta mitambo ya intaneti ya kuazima alfajiri ile, kwa ajili ya wageni tu.

"Haya kijana," mgeni akasema, "tutafutie kitabu cha malezi."

Kwa pupa kipanya nikakisukuma mpaka kikadondoka mezani, kikabaki kinaning'inia kwa waya wake, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mnaona?" mkuu wa chuo akadakia. "Kompyuta hazina tatizo. Tatizo uvivu."

Nikageuka, "Shekalaghe, waambie basi!"

Akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala, mshenzi yule!

Wageni hawajafika hata Segera, mitambo ikang'olewa, kioo kikarudi cheupe. Kesho yake maktaba ikafungwa vipindi vyote, eti wanafunzi wameshuhudia wenyewe kwamba mtandao unatosha. Mama Rehema akahamishiwa stoo ya madaftari. Nilipokwenda kumwomba radhi hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, nani alikutuma?"

Wallahi, tangu siku hiyo mtu akiniambia "tusemee", namwambia simama wewe kwanza, nikuone umesimama, ndipo na mimi niinuke.