Mutoto Hafungwi Ndani ya Mutumbwi

Majirani zangu wa Katoyi, kila asubuhi mukinikuta mulangoni munaniuliza, "Koko, Furaha na batoto bako wapi?" Ninajibu wamesafiri. Munanyamaza, halafu kesho munauliza tena. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, baba akaona ng'ombe wananihitaji kuliko kalamu. Lakini safari hii nitaiandika. Ajuaye kusoma amusomee asiyejua, halafu mukiache kinywa changu kipumzike.

Tuliondoka kwa sababu ya Faustin, bwana wa Furaha. Furaha ni mujukuu wangu. Mama yake, Esperansi, alikufa siku ile ile aliyomuzaa, kwa hiyo Furaha alikulia mugongoni mwangu. Faustin alikuwa amevuka ziwa kwenda upande wa Minova kufyatua matofali, akitafutia watoto chakula. Nyuma yake vita vikafunga barabara. Boti kubwa nazo zikasimama. Siku moja simu ikaleta sauti yake: "Mimi nikirudi, njiani watanikamata. Lete batoto huku, Furaha. Lete na Koko." Simu ikakatika, na haikuita tena.

Mwanamuke mumoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ndiye alituambia kwamba mbele ya Sake kuna mama wa wavuvi, Mama Nabintu, anayefundisha familia za watu wa mulima kupiga kafi. Wavuvi wamekatazwa kubeba wasafiri. Lakini familia ikiwa peke yake ndani ya mutumbwi, wavu umelazwa juu ya mizigo, kila mutu na kafi mukononi, hao ni wavuvi kama wavuvi wengine. Nani atawauliza? Basi, ni lazima wajue kafi.

Asubuhi ya kuondoka, Furaha alimubeba Baraka, kitinda mimba wake ambaye bado ananyonya. Divine, dada yake, aliye na meno mapya ya mbele, alibeba sufuria kichwani. Mimi nilibeba bidon tupu ya kuchotea maji na magoti yangu. Mulituona tukipita, mukasema tunaenda shamba. Shamba gani? Shamba letu liko Masisi, na anayelima huko leo simujui jina, mimi ninayejua majina ya watu wote.

Kutoka Mugunga mpaka Sake tulienda kwa mguu, maana pikipiki zilikataa kubeba watu wanne na sufuria. Njia ile nimeipita mara nyingi nikikimbia, kwenda na kurudi, na kila mara nilikuwa na mutoto mugongoni. Kati ya watoto wangu nilimupitisha Sebahizi, nikamupitisha Nyiransaba, nikamupitisha Rukundo, nikamupitisha Esperansi mwenyewe, halafu Furaha huyu. Risasi zililia, mvua ilinyesha, usingizi ulinishika nikitembea. Hakuna hata mumoja aliyeanguka. Kitenge kinapita chini ya makalio ya mutoto, kinakuja mbele, unafunga fundo kifuani na fundo tumboni, halafu unaruka kidogo kuona kama amekaa. Furaha alifungwa hivyo, naye anafunga hivyo. Watoto wangu waliokufa, walikufa wakiwa wamelazwa chini. Mugongoni hakufa mutu.

Jioni tulifika kwa wavuvi. Ni nyumba chache za mbao juu ya mawe meusi, na mitumbwi imevutwa nchi kavu. Mama Nabintu alikuwa anashona wavu. Ni mwanamuke mufupi, mabega kama ya mwanaume, mwenye kucheka haraka. Akatutazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Batu ba mulima," akasema.

"Ni sisi, mama," Furaha akajibu.

"Munajua kuogelea?"

"Tunajua kulima."

Akacheka mpaka wavu ukamutoka mukononi. "Bon. Ziwa hii haina mamba, haina kiboko. Inakula na kinywa yake yenyewe. Karibuni, muketi. Lakini mutoto musimulaze pale bondeni. Kule kuna mazuku, ile hewa mubaya yenye kulala chini. Hata mbuzi ikilala pale haiamuke."

Nikauuliza moyo wangu: Mungu wangu, hapa hata udongo unaua, na maji tutayaweza?

Kesho yake asubuhi, mafunzo yakaanza. Tulikutana na familia nyingine, ya Muzee Semivumbi, muchunga ng'ombe wa Masisi kama sisi. Muzee huyu aliingia katika mutumbwi na fimbo yake ya ng'ombe. Mama Nabintu akamupa kafi, akakataa.

"Hii fimbo imevuka mito yote," akasema.

"Papa, ile mito ulivuka na miguu. Unataka kuchapa ziwa ili itembee?"

"Ng'ombe ikichapwa inatembea."

"Haya, chapa."

Akachapa maji. Mutumbwi ukazunguka kama mulevi, bibi yake akacheka, sisi sote tukacheka, hata Baraka. Ninaandika jambo hili ili mujue kwamba tulicheka. Ilikuwa asubuhi ile moja tu.

Mafunzo yenyewe ni haya. Unaingia ukiwa umeinama, mukono kila upande wa mutumbwi. Unaketi chini kabisa, matako sakafuni, si juu ya ubao. Kafi inaingia mbele ya goti, inatoka kwenye kiuno, usiivute mpaka nyuma. Aliye mbele anatoa mwendo, aliye nyuma anageuza. Wimbi likija usilipe ubavu, lipe pua ya mutumbwi. Na ukiogopa, keti.

Hapo kwenye kuogopa ndipo watu wa mulima wanashindwa. Sisi tukiogopa tunasimama. Mulimani, mutu akisikia hatari anasimama, anatazama, anakimbia. Wimbi la kwanza lilipotupiga, mimi nilisimama kabla sijajua nimesimama. Mutumbwi ukalala upande, tukaanguka wote katika maji ya kiuno. Mama Nabintu akanitoa kwa mukono. Mara ya pili nikajiapia kwamba nitaketi. Wimbi likaja, nikasimama tena. Ni magoti yaliyosimama, mimi nilikuwa nimekataa.

"Koko," Mama Nabintu akaniambia polepole, "kati ya ziwa ukisimama, unaua hawa bote."

Niliketi juu ya jiwe nikakamua nguo yangu. Tangu siku ile sikuingia tena katika mutumbwi, na hakuna aliyeniambia ingia. Faustin alikuwa amesema lete na Koko. Maneno yale yalianguka pale majini, wala Furaha hakuyaokota, ijapokuwa nilimwona akinitazama.

Siku zilizofuata nilikaa ufukoni nikiwatazama. Wavuvi wa pale wanapiga kafi kwa nyimbo zao, lakini sisi hatukuzijua, na kafi za Furaha na Divine ziligongana kama pembe za mbuzi. Mama Nabintu akamuuliza Divine, "Unajua nini kwa kichwa, yenye hauwezi kusahau?"

"Majina ya batu ba Koko," Divine akasema.

"Yataje basi. Jina moja, kafi moja."

Divine akaanza: "Sebahizi. Nyiransaba. Rukundo. Esperansi." Haya ndiyo majina niliyomufundisha jioni jioni hapa Katoyi, na kabla ya hapo katika hema ya kambi ya Kanyaruchinya, ili wasipotee. Alipokwama, nilimupigia kelele kutoka ufukoni: "Gahutu! Mukashema! Bazungu, ndugu ya baba!" Na mutumbwi ukanyooka. Nilikaa juu ya jiwe nikiwaita wafu wangu mumoja mumoja, nao wakawasukuma watoto kwenda mbali nami. Mama Nabintu alifurahi sana. "Koko, una batu bengi!" akaniita. Ni kweli, ninao wengi.

Halafu ikaja siku ya kupinduliwa. Kila familia inapinduliwa kwa makusudi katika maji ya kifua, ili wajue kushika mutumbwi ulioanguka. Furaha akaja na Baraka mugongoni, kama kawaida. Siku hizo zote, kabla ya kuingia majini, alimwacha mutoto kwangu. Siku hiyo akasema, "Siku ya kuvuka atakuwa na mimi. Acha nijizoeze naye."

Mama Nabintu akasimama mbele yake. "Toa mutoto."

"Mama, amefungwa muzuri. Huyu hawezi kuanguka."

"Ile ndiyo ninaogopa. Hawezi kuanguka."

Akamuchukua Baraka, akanipa. Akachukua kamukungu ka ndizi za kupika, kiasi cha mutoto, akakaweka mugongoni mwa Furaha katika kitenge kile kile. "Funga wewe mwenyewe," akamwambia. "Funga kama unavyojua." Furaha akafunga kifuani, akafunga tumboni, akaruka kidogo. Nilitazama yale mafundo nikaona mikono yangu mwenyewe.

Furaha akaingia katika mutumbwi, Mama Nabintu akaupindua.

Furaha akaibuka akikohoa, mukono mumoja umeshika mutumbwi. "Mufungue mutoto!" Mama Nabintu akapaza sauti. Furaha akaachilia mutumbwi, akashika fundo. Kitenge kikilowa, majirani, fundo linakuwa jiwe. Alivuta, vidole vikateleza. Alizama, akaibuka, akavuta tena. Mama Nabintu alikuwa anagonga kafi juu ya ubao, ko, ko, ko, akihesabu pumzi ya mutoto, mpaka fundo la kifuani likaachia, na la tumboni bado. Hapo akaacha kugonga.

"Basi. Mutoto amekufa," akasema. "Huyu ni ndizi tu, utamupika jioni. Lakini mutoto amekufa."

Furaha akatoka majini akilia kama mutoto mudogo. Akaja moja kwa moja kwangu, si kwa Baraka. "Koko, kwa nini ulinifundisha hii?" Ndiyo hiyo iliyowapitisha wote, ningemufundisha nini kingine? Ndizi tulizipika kweli. Furaha hakula.

Mama Nabintu akatuonyesha wanavyofanya wao. Mutoto anaketi katika basani ya plastiki, kati ya miguu ya mama, bidon tupu zimefungwa kando ya basani ili ielee. Mutoto mwenyewe hafungwi na kitu chochote. Mutumbwi ukipinduka, basani inaelea, mutoto anaelea. Niliitazama basani ile. Ni ya kuoshea sahani.

Siku ya kuvuka tuliamuka kabla upepo haujaamuka. Ziwa lilikuwa limelala kama mafuta katika sufuria. Muzee Semivumbi alikuwa tayari ndani ya mutumbwi wake, kafi mukononi, fimbo ameikalia. Mama Nabintu angetangulia, halafu arudishe mitumbwi akiikokota. Divine akaingia, akaketi mbele. Furaha alibaki amesimama ukingoni na Baraka mugongoni.

"Furaha, jua linapanda," Mama Nabintu akaita.

"Siwezi," akasema. Akanigeukia, akanipa kifua chake penye fundo. "Fungua wewe, Koko. Weye ndiye ulinifundisha kufunga."

Kitenge kilikuwa kikavu, fundo likafunguka upesi. Baraka alikuwa na usingizi, alinilemea mikononi kama unga. Nikamuweka katika basani. Akatafuta mugongo kwa mikono yake, hivi na hivi, akakuta plastiki, akaanza kulia. Furaha akaketi nyuma yake, akamuwekea miguu pande zote mbili. Wavu ukalazwa. Mama Nabintu akasukuma.

Furaha akaniuliza, "Kitenge?"

"Kitabaki," nikasema. "Usije ukajaribiwa."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Mutu angechagua mengine.

Divine akaanza. Juu ya maji sauti inakwenda mbali, niliyasikia yote. Sebahizi, kafi. Nyiransaba, kafi. Rukundo. Esperansi. Gahutu. Mukashema. Bazungu. Wakafika mwisho wa majina, nikangoja arudie la kwanza. Akasema, "Koko." Kafi ikaingia majini. Halafu akaanza tena kwa Sebahizi, na kila zamu alinitaja pale pale, mwisho, baada ya Bazungu. Nilisimama pale mpaka sikusikia tena, nikasimama bado.

Mama Nabintu alirudi siku iliyofuata akikokota mitumbwi mitupu. "Bamefika," akasema. "Hakuna aliyesimama. Faustin alikuwa kwenye maji mpaka hapa." Akaonyesha kifua. "Mutoto alilia njia yote."

"Watarudi lini?"

Akaangalia ziwa. "Koko, kurudi sijui. Nimebafundisha kwenda." Akanipa samaki, nikamushukuru.

Njia ya kurudi niliipita peke yangu. Bidon niliijaza maji ya ziwa, kwa kuwa hapa kwetu bomba halitoi, na mukono ulipochoka nikaifunga mugongoni kwa kile kitenge, fundo kifuani, fundo tumboni. Nikaruka kidogo. Hata mimi nilijishangaa.

Nilichojifunza nitawaambia, maana mutaniuliza. Wakimbizi wa mulima, mukitaka kuvuka, nendeni kwa mama yule. Ketini chini. Kafi ianzie gotini. Wimbi lipeni pua. Mutoto musimufunge. Nimewapitisha watoto wangu katika vita vyote kwa kuwafunga, na huyu wa mwisho amepita kwa sababu nilimufungua, na yeye, mama yake na dada yake wako ng'ambo, na mimi niko hapa na magoti yanayosimama.

Karibu na Mugunga mwanamuke mumoja mwenye muzigo wa makala alitembea nyuma yangu muda murefu. Akanipita, akageuka, akashusha sauti kama tunavyofanya wamama.

"Koko, mutoto amelala?"

"Ni maji, mwanangu," nikamwambia. "Ni maji tu."