Chuma Chekundu cha Fisi

Mtu akikuambia Mwinyimvua wa Ilala ni mzembe, mwambie akalale. Miaka kumi na tisa amekata miti ya mji huu: minazi iliyoinamia mabati, miarobaini iliyokumbatia nyaya za umeme, mikungu ya kivuli ya wenye nyumba wasiotaka kufagia. Na katika watu wote waliofanya kazi chini yake hakuna aliyekuwa amepoteza hata ukucha. Alikuwa anafoka huyo! Vaa kofia! Chomekea shati! Vua hiyo saa, unampelekea nani? Ukija kazini na kanzu siku ya Ijumaa alikurudisha nyumbani ukabadili, hata kama kwenu ni masharifu watupu.

Basi sikiliza yaliyomkuta mtu huyohuyo.

Mwaka jana bosi wake, Elisaria, alianza kukodi mashine ya kusaga matawi. Wafanyakazi wakaiita Fisi, kwa sababu haichagui. Unaipa tawi nene kama paja, inalivuta yenyewe kwa magurudumu ya meno, inalitafuna, inatema chenga kwenye lori. Mdomoni kuna chuma chekundu kilichopita juu na pembeni. Ukikisukuma kwa nguvu kidogo tu, kwa kiwiko, kwa goti, hata kwa kichwa, magurudumu yanasimama papo hapo. Roho ya anayemlisha Fisi iko kwenye chuma hicho, na Mwinyimvua alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Tatizo ni kwamba tawi la mwarobaini halina adabu. Linaingia limejitanua, linakigonga chuma, Fisi anasimama. Unaliweka sawa, unawasha tena magurudumu, kidogo tu anasimama tena. Na Elisaria yuko kwenye simu: "Mwinyimvua, saa nane hii hamjamaliza mtaa mmoja? Mashine hiyo nailipia kwa siku. Au mmekaa mnakunywa kahawa?" Siku ya tano Mwinyimvua akachoka. Kwa mkono wake mwenyewe akachukua kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ule unaofungia kila kitu Kariakoo kuanzia marobota ya mitumba mpaka milango ya vibanda, akakikaza kile chuma kisicheze. Akafunga kwa chini, bosi asiuone. Kazi ikaenda kama maji. Akajiambia ni kwa siku ile tu. Siku ile! Mpira ulikaa hapo miezi mitatu.

Mdogo wake, Waridi, ameolewa na Uledi, msukuma mkokoteni wa Kariakoo. Uledi ana miaka arobaini na sita, mgongo ulikwisha kuanza kumgomea, na mkokoteni wenyewe ulikuwa umepondwa na lori. Waridi akaja kwa kaka yake na hotipoti ya wali, wala hakuzunguka mbuyu.

"Kaka, mpe mume wangu kazi. Lakini umwangalie, mashine hazijui yule. Nimekukabidhi."

"Nimepokea," akasema Mwinyimvua.

Na kweli alimwangalia. Sheria yake ilikuwa mgeni hakaribii mdomo wa Fisi mpaka wiki mbili zipite. Anakusanya matawi, anafagia, anatazama wenzake. Siku ya kwanza alimsimamisha shemeji yake mbele ya mashine ikiwa imezimwa, akamsomea yale anayowasomea wageni wote. "Usiingize mkono. Tawi likishaanza kuvutwa, achana nalo. Ukishikwa, usishindane nayo, gonga chuma chekundu. Kwa kichwa ikibidi."

Maneno yalimtoka kwa mazoea, kama mtu anavyosoma dua huku akiwaza mboga. Alikuwa amekwisha kuyamaliza ndipo akaukumbuka mpira. Akajisemea, wiki mbili bado, nitaufungua kabla hajashika kazi hii.

Uledi alikusanya matawi kwa namna ya watu wa mkokoteni. Vitawi vidogo anavifunga mzigo kwa kamba, ncha ya kamba anaizungusha kiganjani mara tatu, anaburuta.

"Shemeji, usijizungushie kamba mkononi," Mwinyimvua akamwambia.

"Mazoea hayo, shemeji. Unateremka Jangwani na magunia ya vitunguu, kamba ikikuponyoka umeua mtu. Sisi kamba haiachwi."

"Hapa inaachwa. Hapa ukiachia ndiyo umepona."

"Basi hapa kazi ya kitoto," akasema Uledi, wakacheka wote wawili. Jamani, walicheka!

Siku ya nne, Abdulmalik, ambaye ndiye mlishaji wa mashine, alipigiwa simu asubuhi: amefiwa na mjomba, Buguruni, mazishi baada ya adhuhuri. Nani atamzuia mtu asiende kuzika? Akaenda. Mwinyimvua akashika nafasi yake, akamlisha Fisi mwenyewe mpaka saa saba, na hapo simu ikatetemeka mfukoni. Elisaria. Ile mashine ikiunguruma husikii hata adhana, sembuse simu. Akamtazama Uledi, aliyekuwa pembeni na mzigo wake wa vitawi.

"Simama hapa kidogo, shemeji. Matawi makubwa tu, moja moja. Nakuja sasa hivi."

Akaenda hatua kama ishirini mpaka kwenye ukuta wa jirani, kidole kimoja sikioni. Elisaria alikuwa anauliza watamaliza saa ngapi.

Yaliyotokea nyuma yake hakuyaona, lakini yanaeleweka. Matawi makubwa yalikwisha. Uledi, asiyejua kukaa bure, akauinua mzigo wake wa vitawi akausukuma mdomoni mwa Fisi ukiwa vilevile umefungwa. Fisi akauvuta, na kamba ikafuata. Mkono ulioshika kamba miaka ishirini bila kuiachia, siku hiyo ungejifunzia wapi?

Mwinyimvua alisikia sauti, akatupa simu. Alipofika akakigonga chuma chekundu kwa kifua, kwa mwili mzima, na chuma hakikucheza. Kingecheza vipi? Akaingiza vidole chini kutafuta fundo. Lilikuwa limekazika kwa jua na mvua. Akalivuta mpaka kucha zikatoka damu, na wakati huo wote shemeji yake anamwita kwa jina, si shemeji tena, kwa jina. Ndipo akakumbuka ufunguo wa injini, upande wa pili. Akazunguka, akauzima. Mkono ulikuwa umekwenda mpaka juu ya kiwiko.

Watu wakajaa, kina mama wakavua khanga wakamfunga jeraha, bajaji ikapatikana. Na katikati ya purukushani ile, niseme tu ukweli, Mwinyimvua alirudi kwenye mashine. Akakata lile fundo kwa panga na kuutia mpira mfukoni. Hakufikiri. Mkono ulifanya wenyewe.

Jioni Elisaria akaja na karatasi ya maelezo ya ajali. Alikuwa amelia, macho yalionyesha. Si mtu mbaya sana.

"Alifundishwa, hakufundishwa?"

"Alifundishwa, bosi."

"Kamba mkononi, ulimkataza?"

"Nilimkataza."

"Basi weka sahihi hapa."

Akaweka. Kila neno lililokuwa pale lilikuwa la kweli, na hilo lilimuumiza kuliko uongo.

Siku ya tatu akaenda hospitali, saa ya kutazama wagonjwa. Njia nzima alikuwa amekata shauri. Nitasema, liwe liwalo. Mpira alikuwa nao mfukoni, ili akiishiwa maneno autoe tu wauone. Akamkuta Waridi amekaa kitandani kwa mumewe, anamlisha uji. Waridi akainuka, akamshika kaka yake mikono yote miwili.

"Wamenihadithia ulivyopambana na ile mashine. Tazama kucha zako! Bila wewe leo ningekuwa edani, kaka. Mungu akulipe." Akavuta hotipoti iliyokuwa chini ya kitanda. "Kula, nimekuwekea. Wanasema hujala siku mbili."

Mwinyimvua akaketi. Akamtazama Uledi, na kwa mara ya kwanza akaona paji la uso wake: jeraha pana lililovimba, jeusi, kuanzia nyusi mpaka kwenye nywele.

"Hapo umefanya nini, shemeji?" akauliza, ingawa roho ilikwisha kumwambia.

"Kile chuma," akasema Uledi polepole. "Nilikigonga kwa kichwa, kama ulivyonifundisha. Mara nyingi tu. Hakikusimamisha kitu." Akatafuta pumzi. "Au sikukigonga kwa nguvu?"

Hapo ndipo pa kusema. Mwinyimvua akaingiza mkono mfukoni, akaushika ule mpira. Waridi alikuwa anampakulia, amemwekea kipande kikubwa cha samaki. Akamfikiria Waridi akijua. Akafikiria sahani za nyumba mbili, ya kwake na ya dada yake, ambazo sasa zilikuwa zinamtegemea yeye peke yake. Alitaka kusema, wallahi alitaka. Alijiona mdogo kuliko siku zote za maisha yake.

"Kinataka nguvu, shemeji," akasema.

Uledi akaitikia kwa kichwa.

"Basi kosa langu," akasema, akafumba macho. Waridi akampa kaka yake sahani, na Mwinyimvua akala.