Neno Nililomsingizia Baba

Mwezi uliopita fundi kutoka Khayega alikuja kunitengenezea cherehani. Alipoitia mafuta, harufu ikajaa sebuleni, nami nikatoka nje kwa haraka. Wajukuu walidhani ni kifua kimenibana. Haikuwa kifua. Ilikuwa harufu ya shati la baba.

Baba alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mjini Kakamega, katika karakana ya mzungu ambaye jina lake lilitushinda kutamka, tukamwita Bwana Lazaro. Alikuwa Myahudi. Jambo hilo lilinichanganya, maana kanisani tulisomewa habari za Wayahudi pamoja na za gharika, nikadhani waliisha zamani. Kumbe mmoja alikuwa hapa hapa, anakula ndizi na kulalamikia mvua.

Mwaka wa Uhuru, kikombe chake cha fedha alichoachiwa na babake kilipotea. Alimwita baba mwizi mbele ya wateja, akamfukuza. Baadaye alikipata ndani ya sanduku lake mwenyewe, kimeviringishwa kwa taulo. Lakini neno mwizi lilifika kwetu Shinyalu kabla ya baba kufika. Tangu siku ile hakukanyaga tena mjini wala sokoni.

Siku chache kabla ya mfungo wao mkubwa, Bwana Lazaro alikuja kwetu kwa miguu na mashahidi watatu: Mhindi wa duka la chumvi, karani wa posta na fundi viatu. Alisimama penye ua, akavua kofia yake pana. Chini yake alivaa nyingine ndogo nyeusi, nikaona huyu anaogopa baridi kweli kweli. Alisema alimkosea baba mbele ya watu, na mbele ya watu anaomba msamaha. Baba alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi, wala hakuinuka.

"Imali, mama, nenda umwambie bado," aliniambia.

Baada ya siku mbili walikuja tena, na jibu likawa lile lile. Niwaambie ukweli: nilifurahi. Sikuwahi kuona mzungu akiinamisha kichwa mbele ya nyumba ya nyasi, na aliyekuwa akimpa jibu ni mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye gauni la viraka. Nilipomsimulia rafiki yangu Ayuma, aliniita mwongo. Nikaapa kwamba mzungu akija tena nitamwita ajionee.

Aliporudi, Ayuma alikuwa ameenda Khwisero kwa nyanya yake. Mama alikuwa sokoni, baba bondeni akikata majani ya ng'ombe.

"Kimbia umwite," Bwana Lazaro aliniambia. "Dini yetu inasema uombe mara tatu. Leo ni ya tatu, na kesho kutwa nahama nchi hii. Asiponisamehe yeye, hata Mungu hatanisamehe hilo."

Nilikimbia mpaka nyuma ya ghala. Hapo nikasimama, nikahesabu hadi hamsini. Nilitaka Ayuma amwone. Tena sikujua kwamba mtu mzima akisema ni mara ya mwisho huwa anamaanisha, maana mama alinionya mara ya mwisho kila siku. Nikarudi.

"Amesema bado."

Alifumba macho. Fundi viatu alimshika mkono, wakateremka kilima pole pole.

Jumapili, siku ya wageni, baba alivaa koti lake la harusi. Mama alipika ingokho, kuku wa wageni, akasonga ugali wa obusuma, na kiti chetu cha pekee chenye mgongo kikatolewa nje. "Mtu hutubu kweli mara ya tatu," baba alisema. "Ya kwanza ni aibu, ya pili ni woga. Leo akija, nimemsamehe." Tulingoja mpaka mchuzi wa kuku ukaganda. Baba aliniona nimenyong'onyea, akadhani ni njaa, akanipa paja.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila msimu wa kupukuchua mahindi alisema, "Angekuja ya tatu tu." Nami kila msimu nilijiambia nitasema kesho. Tulimzika na hiyo kesho yangu.

Ukubwani nilisoma kwamba mfungo wao huondoa makosa ya mtu kwa Mungu, lakini yale ya mtu kwa mwenzake hayaondoki mpaka mwenzake aridhike. Na kama uliyemkosea amekufa, unachukua watu kumi, unakwenda kaburini, unakiri. Utotoni nilidhani anayeinama ameshindwa. Sikujua ni kazi ngumu kiasi gani kupanda kilima kile mara tatu, mpaka nilipoona mimi sijaweza hata mara moja.

Basi siku ile ya cherehani nilimwomba fundi asiondoke. Nikaita wajukuu na majirani, nikamtuma mtu amlete Ayuma, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo. Tulipotimia kumi, nilisimama kwenye kaburi la baba chini ya migomba, nikasema yote. Ayuma alilia. Kaburi la Bwana Lazaro sijui liko nchi gani, na umri wangu huu hautanifikisha.

Nilipomaliza, nilingoja. Kaburi halikuniambia hata "bado."